Falsafa ya Wayunani wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye kikundi chetu kidogo cha kusoma, na kwa watu wanaonisimamisha njiani wakisikia ninasoma nini. Mengine yanajibika kwa mstari mmoja. Mengine hayakubali ufupi, na hapo nimejiachia.

Niseme Wagiriki au Wayunani?

Yote mawili ni sahihi. Nchi ya leo ni Ugiriki na watu wake Wagiriki. "Yunani" limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Ionia, ukanda wa pwani ulioko magharibi ya Uturuki ya leo. Ninapozungumzia falsafa napenda kusema Wayunani, kwa sababu mambo yalianzia huko Ionia hasa. Thales, anayehesabiwa wa kwanza, alikuwa mtu wa Miletus, mji wa bandari. Athens ilikuja nyuma sana: kupatwa kwa jua ambako inasemekana Thales alikutabiri kulitokea mwaka 585 KK, na Sokrates aliuawa Athens mwaka 399 KK. Kati yao ni karibu karne mbili.

Ukisoma vitabu vya Kiarabu utakutana na Suqrat, Aflatun na Aristu. Ni hao hao Sokrates, Plato na Aristotle.

Thales alisema vitu vyote asili yake ni maji. Hiyo nayo ni falsafa?

Jibu lenyewe halikudumu. Lililodumu ni aina ya swali, na kwamba jibu lake halikumtegemea mungu aliyekasirika au kufurahi. Halafu tazama kilichofuata. Inasemekana Thales aliona dunia inaelea juu ya maji kama gogo. Anaximander, mtu wa mji huo huo, wa kizazi kilichofuata, akasema hapana: dunia haikushikiliwa na chochote, imetulia mahali pake kwa kuwa iko umbali sawa kutoka pande zote, hivyo haina sababu ya kuelekea huku badala ya kule. Soma tena sentensi hiyo. Hakuna darubini, hakuna chombo, ni hoja tupu, naye kamkosoa mkubwa wake hadharani bila ugomvi tunaousikia. Akaja Anaximenes, wa Miletus pia, akawapinga wote wawili.

Hilo la mwanafunzi kuruhusiwa kumpinga mwalimu kwa hoja, na bado akahesabiwa mrithi wake, ndilo ninalolitafuta kila ninapowasoma watu hawa.

Si ni kweli kwamba waliiba falsafa yao Misri?

Hakuna swali linalozua kelele kama hili, basi tulitenganishe.

Kuna sehemu yenye mizizi, na Wayunani wenyewe waliisema. Herodotus, mwanahistoria wao, aliandika kwamba walipokea mengi kutoka Misri. Aristotle, mwanzoni kabisa mwa *Metafizikia*, anasema hisabati ilianzia Misri kwa sababu makuhani wa huko walikuwa na wasaa. Katika *Timaeus* ya Plato, kuhani mzee wa Misri anamwambia Solon, mtunga sheria wa Athens, kwamba Wayunani ni watoto siku zote, hakuna mzee miongoni mwao. Watu hawa hawakuona haya kukiri deni. Walioona haya ni baadhi ya wasomi wa Ulaya wa karne ya 18 na 19, waliopenda hadithi ya Ugiriki iliyojizaa yenyewe.

Sehemu isiyosimama ni ile simulizi ya Aristotle kuchota vitabu katika maktaba ya Alexandria na kuandika jina lake juu yake. Mji wa Alexandria ulianzishwa mwaka 331 KK. Aristotle alifariki mwaka 322 KK huko Chalcis, Ugiriki, na maktaba ile ni kazi ya wafalme wa ukoo wa Ptolemy waliotawala baada yake. Tarehe zinakataa.

Mimi naona wizi huu wa kubuni unaidhalilisha Misri. Mafundisho ya Ptahhotep, mwenye hekima wa Misri ya kale, yalikuwa yakinakiliwa na waandishi wa Misri zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Thales, na yanatosha kusomwa kwa heshima yake bila kusubiri Myunani ayaibe. Na ukitaka Afrika ndani ya falsafa yenyewe ya Kiyunani, ipo bila kubahatisha. Plotinus wa karne ya 3 BK, aliyemsoma Plato upya kwa namna iliyotawala karne nyingi, alisoma Alexandria, na chanzo cha kale kinasema alizaliwa Misri. Hypatia alifundisha Alexandria hadi alipouawa na kundi la watu mwaka 415. Augustino, aliyewasoma wafuasi wa Plato kabla ya kubatizwa, alizaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354.

Kama Sokrates hakuandika kitu, tunamjuaje?

Kupitia watatu hasa: Plato na Xenophon waliompenda, na Aristophanes aliyemfanyia mzaha jukwaani mwaka 423 KK. Hawakubaliani. Usijisumbue kumtafuta Sokrates "halisi" katika mwaka wako wa kwanza.

Aliuawa kwa kosa gani?

Mashtaka yalikuwa kwamba haitambui miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiungu, na anaharibu vijana. Yaliyokuwa nyuma ya mashtaka ni historia ya miaka michache tu. Athens ilikuwa imeshindwa na Sparta mwaka 404 KK, kisha ikatawaliwa kwa damu na kundi la watu thelathini, na mmoja wa vinara wao, Critias, alikuwa ameonekana sana kwenye mazungumzo ya Sokrates. Demokrasia iliporudi, watu walikuwa na kidonda kibichi.

Jopo lilikuwa la raia kama 500. Walipomwona na hatia, sheria ilimruhusu apendekeze adhabu yake mwenyewe. Mtu mwenye kutaka kuishi angesema uhamisho. Yeye akasema anachostahili ni kulishwa bure kwa gharama ya mji, kama washindi wa michezo ya Olimpia. Marafiki walipomshika shati akakubali kutaja faini ya mina 30 (mina ni kipimo cha fedha), lakini maji yalikwisha mwagika. Wapo wanaoisoma sehemu hii kama ushujaa mtupu. Mimi kila nikiirudia naona pia ukaidi, na namwonea huruma Plato aliyekuwa kijana amekaa pale akisikiliza.

Sitaki maelezo ya "mbinu ya Sokrates". Nipe mfano.

Mfano bora uko katika *Meno*, mazungumzo aliyoyaandika Plato. Chukua chaki, chora nami.

Sokrates anamwita kijana mtumwa wa Meno, ambaye hajawahi kufundishwa hesabu. Anachora chini mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake? Futi 4 za mraba. Haya, nataka mraba wenye eneo mara mbili ya huu, yaani 8. Upande wake uwe na urefu gani? Kijana anajibu bila kusita: upande nao mara mbili, futi 4.

Sokrates hamwambii amekosea. Anachora mraba wa futi 4 na kumwachia ahesabu. Ni 16. Basi futi 3? Inatoka 9. Hapo kijana anaapa kwa Zeus kwamba hajui. Sokrates anamgeukia Meno, ambaye kurasa chache nyuma alimfananisha na yule samaki aina ya taa anayemtia ganzi amgusaye, na kumuuliza: je, ganzi hii imemdhuru? Mwanzo alikuwa hajui na hakujua kwamba hajui. Sasa amekwama, lakini amekwama mahali pazuri.

Kisha anachora ulalo, mstari kutoka pembe moja ya mraba wa kwanza hadi pembe inayoikabili. Jenga mraba juu ya mstari huo. Hesabu pembetatu zilizomo: mraba wa kwanza una mbili, huu una nne zilezile. Eneo ni 8. Kijana ameona mwenyewe.

Tulipofanya hivi kwenye sakafu ya saruji, mwenzetu aliye fundi seremala, mtu anayepima mbao kila siku, naye alisema futi 4. Akacheka kabla sijachora. Ubishi uliofuata ulikuwa mtamu kuliko somo: je, kijana yule kweli amegundua mwenyewe? Sokrates anadai roho inakumbuka ilichokijua kabla ya kuzaliwa. Lakini maswali yake mengi ni ya "si ndivyo?", na ule ulalo amechora yeye. Mimi kumbukumbu za kabla ya kuzaliwa sizinunui. Ile hatua ya kukwama naichukua nzima.

"Kitu kimoja ninachokijua ni kwamba sijui kitu." Alisema hivyo?

Si hivyo. Katika *Utetezi* wa Plato anasema jambo dogo na gumu zaidi: kwamba asichokijua, hajidhanii kukijua. Alijua mambo kadhaa na aliyasema kwa nguvu, kwa mfano kwamba kutenda dhuluma ni kubaya.

Kwa kuwa tumefika hapo: ile picha inayozunguka kwenye simu, "sisi ni kile tunachokitenda mara kwa mara, hivyo ubora ni mazoea", haikuandikwa na Aristotle. Ni maneno ya Will Durant, Mmarekani, akimfupisha Aristotle mwaka 1926. Na "ni wafu tu walioona mwisho wa vita" si ya Plato. Iko kwa George Santayana, mwaka 1922. Nukuu isiyotaja kitabu wala mahali ndani ya kitabu, iache ipite.

Plato na Aristotle wanatofautianaje?

Pango la Plato, ule mfano wa wafungwa wanaodhani vivuli vya ukutani ndio ukweli, limesimuliwa mno, sitalirudia. Kwa ufupi wa kuudhi: Plato aliona kwamba duara unalochora haliwi duara kamili kamwe, ilhali unalielewa duara kamili, basi akauliza hilo unalolielewa liko wapi, na akasema lina uhalisi kuliko mchoro wako. Aristotle alikaa katika Akademia ya Plato miaka 20, tangu akiwa na miaka 17, na akatoka haamini hivyo. Kwake umbo la kitu limo ndani ya kitu. Ukitaka kumjua farasi, nenda zizini.

Au nenda pwani. Baada ya kifo cha Plato, Aristotle aliishi kwa muda kwenye kisiwa cha Lesbos akiwachunguza viumbe wa baharini, na naamini wavuvi walimfundisha mengi. Aliandika kwamba kuna aina moja ya papa mdogo ambaye watoto wake tumboni wameunganishwa na mama kwa kitovu, kama wanyama wa nchi kavu. Watu hawakumsadiki kwa karne nyingi. Mwaka 1842 Johannes Müller, Mjerumani, alithibitisha kwamba ndivyo. Lakini mtu huyohuyo aliandika kwamba wanawake wana meno machache kuliko wanaume. Angeweza kumwomba mkewe afungue mdomo.

Nianze na kitabu gani?

*Utetezi wa Sokrates*, wa Plato. Ni mfupi, unasomeka jioni moja. Halafu *Euthyphro* na *Crito*, kisha *Meno*. Baada ya hapo *Karamu*, na ndipo *Jamhuri*, ambayo wengi huianza mapema na kuitupa kwenye kitabu cha tatu. Kwa Aristotle anza na *Maadili ya Nikomako*, vitabu vya 1 na 2, kisha ruka hadi vya 8 na 9 kuhusu urafiki. Sijaona kilichoandikwa kuhusu urafiki kikamzidi. Barua ya Epicurus kwa Menoeceus ni kurasa chache. *Metafizikia* na *Parmenides* viache hadi uwe na mtu wa kulalamika naye.

Tafsiri za Kiswahili bado ni chache, wengi wetu tunasoma kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Tafsiri za Plato za Benjamin Jowett, za karne ya 19, zinapatikana bure kwenye Project Gutenberg. Lugha yake imechakaa kidogo lakini haijakufa. Perseus, maktaba ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Tufts, ina matini za Kiyunani pamoja na tafsiri.

Hizo namba za pembeni, kama 17a au 1094a, ni za nini?

Ni anwani. Kwa Plato zinafuata kurasa za chapa ya Henri Estienne ya mwaka 1578. Kwa Aristotle, chapa ya Bekker iliyoanza kutoka Berlin mwaka 1831. Tafsiri yoyote, lugha yoyote, ukitajiwa namba unafika mstari uleule.

Lazima nijifunze Kiyunani?

Kusoma, hapana. Ukitaka kuandika kitabu juu yao, ndiyo.

Ila jua maneno matano sita ya asili, maana tafsiri hudanganya. Mfano ni *eudaimonia*, ambalo Aristotle analifanya lengo la maisha yote. Waingereza wengi wamelitafsiri kwa neno lenye maana ya furaha, na wanafunzi wetu hulipokea hivyohivyo: "Aristotle anasema tutafute furaha." Mtu anaweza kuwa na furaha kwa sababu timu yake imeshinda. Aristotle hazungumzii hisia. Anazungumzia maisha yaliyokwenda vizuri yakitazamwa kwa ujumla wake. Kiswahili kina neno zuri kuliko hilo la Kiingereza: *heri*. Tunaposema fulani ni mtu wa heri, hatusemi anatabasamu. Na Biblia ya Kiswahili, "Heri walio maskini wa roho", inatafsiri *makarioi*, neno ambalo Aristotle mwenyewe analitumia bega kwa bega na *eudaimon*. Tukilisoma *Maadili* kwa heri badala ya furaha, kitabu kinafunguka.

Mambo haya yalitufikiaje sisi? Si ni ya Wazungu?

Fuata neno lenyewe. "Falsafa" si neno lililoletwa na Waingereza wala Wajerumani. Ni *philosophia* iliyopita Baghdad. Katika karne ya 8 hadi ya 10 wasomi wa huko, Waislamu na Wakristo, walitafsiri karibu Aristotle wote aliyepatikana. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefariki mwaka 873, alikuwa akitafuta nakala kadhaa za kitabu kimoja, akizilinganisha kabla ya kutafsiri. Al-Farabi aliitwa "mwalimu wa pili". Wa kwanza alikuwa Aristotle. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimfafanua Aristotle kwa ukamilifu kiasi kwamba walatini wa Ulaya walimwita tu "Mfafanuzi". Ulaya ya magharibi ilimpokea sehemu kubwa ya Aristotle kupitia tafsiri za Toledo kutoka Kiarabu, na nyingine moja kwa moja kutoka Kiyunani. Anayekwambia ni urithi wa Wazungu, mwulize kwa nini Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkatoliki, anabishana na Ibn Rushd ukurasa baada ya ukurasa.

Na sisi tumeokota vipande njiani bila kujua. Kanuni, kalamu, almasi, fanusi, askofu, Injili: yote ni maneno ya Kiyunani yaliyotufikia kwa Kiarabu. Demokrasia ni ya Kiyunani kwa njia nyingine.

Kuna kipande ninachokipenda kuliko maneno. Empedocles wa Sicily, karne ya 5 KK, alisema vitu vimejengwa kwa mizizi minne: moto, hewa, maji na ardhi. Aristotle akaipa sifa mbilimbili: joto au baridi, ukavu au unyevu. Matabibu wakaufanya mwili kuwa mizani ya sifa hizo, tabibu Galen akaueneza, Ibn Sina akaupanga katika kitabu chake kikubwa cha tiba kiitwacho *Qanun*, na elimu hiyo ikasafiri na vitabu na watu hadi pwani ya Afrika Mashariki. Bibi akikukataza chakula fulani ukiwa na mafua kwa sababu "kina baridi", ilhali kimetoka jikoni kinafuka moshi, anachosema si halijoto. Anazungumza Kiaristotle.

Mimi ni mtu wa dini. Falsafa haitaniharibia imani?

Hofu hii si ya kudharau, wakubwa waliijadili. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwashambulia wanafalsafa kwa masuala 20, na katika matatu aliona wametoka kwenye dini: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo madogo mojamoja kwa umoja wake, na kukana ufufuo wa miili. Lakini huyo huyo alitetea mantiki, akaandika vitabu vya kuifundisha, na akasema asiyeimudu elimu yake haitegemeki. Ibn Rushd alimjibu baadaye hoja kwa hoja. Kwa hiyo hata anayetaka kuipinga falsafa kwa mfano wa al-Ghazali inambidi kwanza aisome kama alivyoisoma yeye, na aliisoma vizuri.

Kwa Mkristo, fungua Matendo 17. Paulo anakutana Athens na Waepikureo na Wastoiko, na anapohubiri Areopago anawanukulia mshairi wao, "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo ni ya Aratus wa karne ya 3 KK, na mungu anayetajwa pale mwanzoni ni Zeus. Na "Neno" la Yohana 1:1 ni *logos*, ambalo mwanafalsafa Heraclitus wa Efeso alikuwa amelitumia zaidi ya karne tano kabla.

Isome *Euthyphro* kwa utulivu: je, jambo ni jema kwa sababu Mungu amelipenda, au amelipenda kwa sababu ni jema? Wanatheolojia wa Kiislamu waligawanyika kwa swali la aina hiyohiyo. Halijamwondolea mtu imani katika kikundi chetu, ambamo wamo wanaoswali na wanaosali. Limewanyima watu usingizi, hilo ndiyo.

Walikuwa na watumwa na waliwadharau wanawake. Kwa nini nijifunze kwao?

Ni kweli, na usikubali mwalimu akupitishe hapo mbiombio. Katika *Siasa*, kitabu cha 1, Aristotle anasema kuna watu walio watumwa kwa maumbile, na mtumwa ni chombo chenye uhai. Maneno hayo hayakubaki kitabuni. Mwaka 1550 huko Valladolid, Hispania, msomi Sepúlveda aliyatumia kuhalalisha kuwatiisha wenyeji wa Amerika, na padre Las Casas akampinga. Sisi ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu hatuwezi kuyasoma kama habari za mbali.

Cha ajabu ni kwamba Aristotle anakiri palepale kuwa walikuwepo watu waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile na ni wa nguvu tu. Hoja sahihi ilikuwa mbele yake, akaipima, akaikataa. Mimi hilo linanitisha kuliko ujinga. Namsoma kwa ajili ya akili yake, na ukurasa huo namsoma nione akili kubwa inavyoweza kutumika kutetea kinachoinufaisha.

Plato kwa wanawake alikuwa na jambo: *Jamhuri*, kitabu cha 5, inataka wanawake wenye uwezo wapewe elimu ileile na watawale. Hipparchia aliacha mali ya kwao akafuata maisha ya Wasiniki, wanafalsafa waliochagua umaskini na kudharau desturi. Na mmoja wa walimu wakubwa wa Ustoiko, Epictetus, alizaliwa mtumwa.

Ustoiko huu wa kwenye simu ni wenyewe?

Nusu. Jina kwanza: Zeno wa Citium, kutoka Saiprasi, alifundisha Athens kuanzia mwaka 300 KK hivi katika *Stoa Poikile*, yaani baraza lenye michoro. Kwa hiyo Wastoiko ni watu wa baraza. Hakuna lugha inayolitafsiri jina hilo vizuri kuliko Kiswahili, maana sisi bado tunakaa barazani.

Kitabu kidogo cha Epictetus kinaanza kwa kugawa: yapo yaliyo katika uwezo wetu, kama maoni yetu na matamanio yetu, na yapo yasiyokuwamo, kama mwili, mali, sifa na vyeo. Mafundi wa motisha wamelichukua hilo na kuligeuza dawa ya kutajirika na kutolia. Wastoiko walihesabu utajiri kati ya mambo yasiyokufanya mwema wala mbaya. Na walidai binadamu wote ni raia wa mji mmoja, jambo ambalo sijaliona kwenye picha hizo za simba na saa ya mkononi.

Methali zetu hazitoshi?

Kwa kuanzia, zinatosha kabisa. "Haraka haraka haina baraka." Haya, na "ngoja ngoja huumiza matumbo"? Mzee anayekupa moja wapo na kunyamaza, na mzee anayekueleza lini ya kwanza inashinda na kwa nini, si sawa. Hapo ndipo alipoingilia Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Alikwenda vijijini kuwahoji wazee, na akawatofautisha wanaohifadhi hekima ya jamii na wanaoihoji hekima hiyo wenyewe. Walikuwepo wa namna ya pili, wasiojua kusoma, wanaopingana na desturi zao kwa hoja.

Alexis Kagame wa Rwanda alipita njia nyingine. Mwaka 1956 alizichukua kategoria za Aristotle, akauliza lugha ya Kinyarwanda inagawaje vilivyopo, akapata manne: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu*, *ukuntu*. Msomaji wa Kiswahili anaona mara moja mtu na kitu. Paulin Hountondji wa Benin alikosoa vikali mkondo huo, akisema sarufi ya watu wote si falsafa ya mtu yeyote. Lakini mwaka 1958 Émile Benveniste, Mfaransa, alidai kwamba hata kategoria za Aristotle ni sarufi ya Kiyunani iliyovaa joho. Ngeli zetu na za Aristotle ziko chombo kimoja, basi.

Nitapata kazi?

Kazi yenye jina "mwanafalsafa", ualimu wa chuo tu, nafasi zenyewe ni haba. Wanaosoma falsafa hapa kwetu wengi huichanganya na sheria, ualimu au masomo ya dini, na wanaoandaliwa kuwa mapadre Wakatoliki huisoma kwa miaka kabla ya teolojia. Usichukue mkopo kwa ajili yake bila mpango wa pili.

Nisome peke yangu au na wenzangu?

Na wenzako, hata awe mmoja. Katika *Phaedrus*, 275d, Sokrates analalamika kwamba maandishi ni kama picha: yanaonekana hai, lakini ukiyauliza swali yananyamaza, au yanarudia yaleyale. Ukurasa huu nao ni hivyo.

Sisi husoma kurasa nne kwa kikao, kwa sauti, kwa zamu. Yeyote anaweza kusema "simama", na lazima tusimame. *Utetezi* ulituchukua miezi miwili, na kuna mahali, kwenye 21b, ambapo tumesimama mara tatu na bado hatujaelewana.